Mshahara Hauna Mgombea

Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Kiliwekwa mwaka 1984, Milton Obote akiwa madarakani kwa mara ya pili, na Waganda walikwenda kupiga kura Januari 2026 kikiwa hakijabadilishwa. Wasemaji wa majukwaani huitaja namba hiyo ili watu wacheke, kisha wanaendelea na mengine. Mimi naomba tuikalie kidogo, maana hata hiyo 6,000 si 6,000. Mei 1987 serikali mpya ya Yoweri Museveni ilibadili sarafu: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, tena kukawa na makato ya asilimia 30 juu yake. Ukiifuata hesabu ya sarafu, hata ukiyaacha makato hayo, mwajiri wa Jinja anayetaka kumlipa kibarua wake kile hasa kilichotamkwa na serikali ya Obote, atoe shilingi 60 za leo kwa mwezi mzima wa kazi. Hazinunui chapati.

Tangu katiba ya 1995, Uganda imefanya uchaguzi wa rais mara saba. Katika kampeni hizo barabara ziliahidiwa, shule ziliahidiwa, mikopo iliahidiwa, na mwaka 2016 hata majembe yaliahidiwa kwa mamilioni. Mshahara haukupata mgombea. Jambo hilo linaeleweka katika wilaya ambayo karibu kila kaya inaishi kwa jembe. Halieleweki kirahisi Jinja na Mbale, miji miwili ya mashariki ambako zamu ya kiwanda ndiyo inayopanga saa ya kula na saa ya kulala katika nyumba nyingi.

Semina hupenda kutuambia kwamba wafanyakazi hawajui haki zao. Wanazijua sana. Tatizo, kwa maoni yangu, liko kwenye namna siasa ilivyopangwa: vyama vya wafanyakazi vilipewa mlango wao wa pekee wa kuingilia bungeni, na tangu siku hiyo viliacha kubisha hodi kwenye mlango wa kila mbunge mwingine.

Kuelewa vilifikaje hapo, inabidi kurudi Jinja ya miaka ya 1950. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth II Aprili 1954. Umeme wake ukavuta kiwanda cha nguo cha Nyanza, maarufu NYTIL, na kiwanda cha kuyeyusha shaba iliyosafirishwa kwa reli kutoka Kilembe, magharibi mwa nchi. Kilomita chache mashariki ya mji, Kakira, kulikuwa tayari na shamba la miwa na kiwanda cha sukari cha akina Madhvani, kilichoanza 1930. Mjini Jinja, Walukuba ilijengwa iwe makazi ya wafanyakazi. Humo walikaa pamoja Wasoga, Wagisu, Wateso, Waluo na Waluhya wa upande wa Kenya, na Kiswahili kikawa lugha ya foleni ya maji na ya mkutano wa chama. Jinja ilikuwa mji wa mshahara kuliko mji mwingine wowote wa Uganda, ukiiacha Kampala.

Vyama navyo vilikuwa na sauti. Umoja wa vyama vya wafanyakazi, UTUC, uliundwa 1955. Mwaka 1958 shirikisho la kimataifa la vyama huru lilifungua chuo chake cha Afrika mjini Kampala, na viongozi wa vyama kutoka nchi nyingi za bara walikuja kusoma huko. Rais wa UTUC, Humphrey Luande wa chama cha reli, alikuwa pia mbunge. Lakini nguvu hiyo ilikuwa na ufa. Sehemu kubwa ya wanachama, hasa viwandani na kwenye reli, walitoka Kenya, na mwanasiasa yeyote aliyebanwa na mgomo aliweza kuuliza kwa sauti: hawa wanaotusumbua ni raia wa wapi? Mwaka 1964 chama tawala cha UPC kilikuwa nyuma ya shirikisho pinzani, FUTU. Oktoba 1970 serikali ya Obote iliwafukuza wafanyakazi wa Kenya kwa maelfu. Mwaka 1973, chini ya Idi Amin, vyama vyote viliwekwa ndani ya shirikisho moja kwa amri ya serikali. Hilo ndilo NOTU, ambalo bado lipo.

Fundisho waliloondoka nalo viongozi wa vyama lilikuwa wazi. Chama kinachopigana na siasa kinavunjwa, na chama kinachokaa karibu na serikali kinaishi. Sithubutu kuwalaumu, kwa sababu walioishi enzi za Amin walikuwa na sababu zao za kutotaka ushujaa.

Katiba ya 1995 iliukuta ukaribu huo na kuupa kiti. Ibara ya 78 inawapa nafasi bungeni wawakilishi wa jeshi, vijana, watu wenye ulemavu na wafanyakazi. Leo wabunge wa wafanyakazi ni watano, na angalau mmoja lazima awe mwanamke. Hawachaguliwi na mshona nguo wa Jinja wala na fundi mitambo wa Mbale. Huchaguliwa na wajumbe wa vyama, yaani watu waliotumwa na matawi ya NOTU na ya shirikisho la pili, COFTU. Mpinzani anayewatia wasiwasi ni kiongozi mwenzao mwenye wajumbe wengi, wala si mwajiri au waziri wa fedha. Matokeo yake, msimu wa uchaguzi ukifika, fedha, magari na akili za vyama huhamia kwenye kuhesabu wajumbe. Kampeni ya wafanyakazi hufanyika hotelini huku wafanyakazi wenyewe wakiwa zamu.

Haki itendeke: watano hao si mapambo. Sheria ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, iliyotiwa saini Januari 2022 ni jasho lao kwa sehemu kubwa. Mwanachama mwenye umri wa miaka 45 aliyechangia kwa miaka 10 aliruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Magazeti yalikazia hapo. Mimi naona kifungu kingine kilikuwa kizito zaidi: uchangiaji wa lazima, uliokuwa ukianzia kwa mwajiri mwenye watu watano, sasa unamhusu kila mwajiri. Msichana anayeuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbale akiwa peke yake na tajiri wake anastahili asilimia 10 ya tajiri juu ya asilimia 5 yake mwenyewe. Kama anaipata ni swali la ukaguzi.

Sasa tazama kilichotokea kwa kima cha chini. Arinaitwe Rwakajara, mmoja wa watano hao, alipeleka bungeni muswada binafsi uliotaka kima kipangwe kwa kila sekta na kipitiwe mara kwa mara. Mwaka 2017 bodi ya ushauri iliyoteuliwa na serikali yenyewe ilikuwa imependekeza shilingi 136,000 kwa mwezi, kiasi ambacho si cha kutisha mwekezaji wa maana. Februari 2019 Bunge likaupitisha muswada. Agosti mwaka huohuo Rais akakataa kuutia saini. Msimamo wake wa miaka mingi ni kwamba soko lipange mshahara na kwamba sheria ya namna hiyo itawatia hofu wawekezaji.

Katiba haikuishia hapo. Ibara ya 91 inaruhusu Bunge, baada ya Rais kurudisha muswada mara mbili, kuufanya sheria bila saini yake kwa kura za theluthi mbili. Wanahitajika basi mamia ya wabunge wa majimbo wanaojua kwamba wakinyamaza watanyimwa kura nyumbani. Wabunge watano katika Bunge la zaidi ya 500 hawawezi kuwatisha mamia hao. Mwenye kuweza kuwatisha ni mpiga kura wa Masese, Jinja, au wa Namakwekwe, Mbale, na huyo hakuna chama kilichomfuata kumwambia mbunge wake alipiga kura vipi. Miezi kumi na saba baadaye, Januari 2021, uchaguzi ulifanyika na muswada ule haukumgharimu mtu kiti.

Kuna wanaosema uchaguzi wa Uganda haubadilishi kitu. Historia ya kodi inawakanusha. Kodi ya kichwa iliyolipwa na wanaume ilikuwa kero kubwa. Askari wa serikali za mitaa waliwavizia watu alfajiri, na asiye na tiketi alilala rumande. Mwaka 2001 mgombea wa upinzani, Kizza Besigye, aliifanya hoja ya kampeni, na Museveni akashusha kiwango cha chini hadi shilingi 3,000. Bajeti ya Juni 2005, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Februari 2006, ikaifuta kabisa. Elimu ya msingi bila ada nayo ilianza Januari 1997 kutokana na ahadi ya kampeni ya 1996. Kwa hiyo kura inaweza kuleta unafuu wa maisha, pale wagombea wawili wanapoiogopa hoja moja.

Lakini angalia aliyelipa. Halmashauri zilibaki bila mapato, na mwaka 2008 ikaletwa kodi ya huduma za mitaa. Hii haimgusi mkulima wa kujikimu. Inamhusu mwenye mshahara, fundi, mfanyabiashara na mkulima wa biashara. Wapiga kura wengi wa vijijini wakaondolewa mzigo, sehemu yake ikahamia kwenye karatasi ya mshahara ya mfanyakazi wa mjini, na sikumbuki chama cha wafanyakazi kilichoifanya hiyo kuwa hoja ya uchaguzi.

Kodi ya mapato inasimulia jambo lilelile kwa namba. Tangu Julai 2012, anayepata zaidi ya shilingi 235,000 kwa mwezi anakatwa kodi. Kipande cha juu ya 410,000 kinakatwa asilimia 30. Bei ya unga, mkaa na karo imepanda mara nyingi tangu 2012, lakini viwango hivyo vilikuwa palepale Januari 2026. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye mshahara wa shilingi 500,000 anatoa 52,000 kila mwezi, na sehemu ya juu ya mshahara wake inakatwa kwa kiwango kilekile anachokatwa meneja wa shilingi milioni tisa. Wakati huohuo, mwaka 2016, wabunge walipiga kura kuzisamehe kodi posho zao wenyewe. Kama kuna hoja iliyo tayari kuchapishwa kwenye bango la kampeni, ni hii. Haihitaji profesa kuieleza.

Na fedha mpya za kisiasa zinapita wapi? Februari 2022 Rais alizindua mpango wa maendeleo wa parokia, PDM, huko Kibuku, wilaya isiyo mbali na Mbale. Kila parokia ilipangiwa shilingi milioni 100, na kaya iliyochaguliwa hupata mkopo wa milioni moja. Walengwa ni asilimia 39 ya kaya, ambazo zilielezwa kuwa nje ya uchumi wa fedha. Kabla yake, kuelekea uchaguzi wa 2021, kulikuwa na mpango wa Emyooga kwa vikundi vya wajasiriamali. Sina ugomvi na mkulima wa Kibuku kupata mtaji. Ninachosema ni kwamba katika hesabu hiyo kibarua wa kiwandani ameshaokolewa: ana mshahara, basi yumo ndani ya uchumi wa fedha, na mazungumzo yamekwisha. Kama mshahara wenyewe unatosha kulisha nyumba ya watu sita halikuwa swali la mpango.

Hapa ndipo Mbale inapotofautiana na Jinja. Mbale ilikulia kwenye kahawa ya Mlima Elgon, na chombo chake kikubwa kilikuwa ushirika, Bugisu Cooperative Union, ulioundwa 1954, mwaka uleule wa bwawa la Jinja. Ushirika huo umezaa wanasiasa hasa. Nathan Nandala Mafabi, aliyeuongoza, ndiye aliyegombea urais kwa tiketi ya chama cha FDC Januari 2026. Mkulima wa kahawa wa Bugisu anamjua anayemsemea, awe anampenda au hampendi. Mwaka 2024, serikali ilipotaka kuivunja mamlaka ya kahawa na kuirudisha wizarani, mjadala uliwasha moto bungeni kwa sababu wabunge wa maeneo ya kahawa walijua nyumbani wanasikilizwa.

Mfanyakazi wa kiwanda cha Mbale hana kitu cha namna hiyo. Bustani ya viwanda ya Wachina na Waganda, ambayo Museveni aliiwekea jiwe la msingi Machi 2018 na ambayo inaendeshwa na kundi la Tian Tang, imeleta viwanda vya taa, sabuni, simu na nguo. Imeleta ajira kwa vijana wengi waliokuwa hawana kitu, na hilo lisidharauliwe. Lakini kazi nyingi za namna hii hapa nchini hutolewa kwa siku. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema kibarua akizidi miezi minne kwa mwajiri mmoja anastahili mkataba wa maandishi. Kanuni hiyo haijitekelezi. Inahitaji ofisa wa kazi wa wilaya mwenye mafuta ya pikipiki, na inahitaji tawi la chama ndani ya geti. Vyote viwili ni maamuzi ya bajeti na ya sheria, yaani mambo ya kuulizwa mgombea udiwani na ubunge, si ya kusubiri hotuba ya Mei Mosi.

Kuna ugumu mmoja ambao watu wa vyama hawapendi kuusema. Familia ya mfanyakazi wa mashariki mwa Uganda haiishi kwa mshahara peke yake. Mchumi Walter Elkan aliliona hilo alipoandika kuhusu wafanyakazi wa mijini Uganda mwaka 1960: mtu alifanya kazi mjini huku shamba lake likimngoja. Leo mke wa mlinzi wa Jinja ana nusu eka ya miwa Mayuge, na kaka wa mshonaji wa Mbale ana migomba na kahawa Sironko. Bei ya miwa ikianguka, mshahara wa kiwandani ndio unaoziba pengo. Kampeni ya vyama inayozungumzia mshahara tu inazungumzia nusu ya nyumba. Chama cha wafanyakazi wa mashambani, NUPAWU, chenye watu wake Kakira, kingekuwa mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu ndani ya ukoo mmoja unaweza kumkuta mkata miwa wa kulipwa na mkulima anayeuza miwa kwenye kiwanda hichohicho. Maslahi yao hayafanani kila siku. Lakini mbunge anayewaomba kura ni mmoja.

Majirani wametufundisha nini? Kenya, tarehe 1 Mei 2022, Uhuru Kenyatta alitangaza nyongeza ya asilimia 12 ya kima cha chini, miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Tanzania, Mei Mosi 2025 mjini Singida, Samia Suluhu Hassan alipandisha kima cha chini cha watumishi wa umma kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, mwaka wa uchaguzi pia. Nyongeza hizo ziliwasaidia watu, na zote mbili zilikuwa zawadi za mwenye dola, zikitolewa siku aliyoichagua yeye. Francis Atwoli wa shirikisho la vyama la Kenya, COTU, alikwenda mbali zaidi na kumuunga mkono Raila Odinga 2022. Mgombea wake akashindwa, na shirikisho likalazimika kutafuta njia ya kurudi kwa mshindi. Zambia ilikwenda mbali kuliko wote: Frederick Chiluba alitoka kuongoza vyama vya wafanyakazi hadi Ikulu mwaka 1991, na ni serikali yake iliyobinafsisha migodi na kuwaacha wachimbaji wengi bila kazi. Kumpata mtu wetu juu hakutoshi, na kumbebea bango mgombea mmoja ni kamari.

Ndiyo maana siwashauri NOTU na COFTU kumtangaza mgombea wa urais. Katika nchi ambayo chama tawala kina ligi yake ya wafanyakazi, tangazo kama hilo lingegawa matawi kabla ya jioni. Njia ya jimbo ni ya kuchosha zaidi na ina faida zaidi. Walimu walikaribia kuionyesha. Serikali ilipopandisha mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 na kuwaacha wenzao wa sanaa mbali nyuma, chama cha walimu, UNATU, kiligoma. Juni 2025 walimu wa sanaa wa sekondari wakagoma tena. Walimu wako kila kijiji na wanaheshimika. Hata hivyo migomo yote miwili ilielekezwa Kampala, kwa wizara na kwa Rais, na hiyo ya pili ilifanyika miezi saba tu kabla ya uchaguzi bila kugeuzwa kuwa swali kwa wagombea wa jimbo hata moja. Sheria inamtaka mtumishi wa umma ajiuzulu siku 90 kabla ya uteuzi akitaka kugombea. Haimkatazi kuuliza.

Lipo pia jambo la kawaida kabisa ambalo linaamua mengi: mahali mtu alipojiandikisha. Vijana wengi wa viwandani wanaishi Walukuba au Namatala na majina yao yako kwenye daftari la kijiji cha baba. Siku ya kura wengine husafiri, wengi hubaki, kwa sababu Januari ni mwezi wa kutafuta karo ya muhula wa kwanza na nauli ya kwenda Manafwa na kurudi si ndogo. Mgombea wa mjini anajua hesabu hiyo vizuri. Umati ulio kwenye geti saa kumi na mbili jioni si umati wa wapiga kura wake, kwa hiyo hasimami hapo muda mrefu.

Uchaguzi ujao ni 2031, na kabla yake daftari litafunguliwa ili watu wahamishe vituo. Hiyo ndiyo kazi ninayoiomba kwa matawi ya Jinja na Mbale, ya nguo, ya sukari, ya walimu, ya usafirishaji: wapelekeni wanachama wenu kuhamisha majina, geti kwa geti, kisha andikeni maswali matatu kwa kila anayetaka ubunge. Ataunga mkono kupandisha kiwango cha kuanza kutozwa kodi? Ataurudisha muswada wa kima cha chini na kuupigia kura hadi mara ya tatu? Wilaya yake itapata ofisa wa kazi mwenye bajeti? Majibu yabandikwe kwenye ubao wa tawi, yakiwa na majina na tarehe, na yabaki hapo miaka mitano.